Nani alilipia? Safari ya habari kutoka kibao cha udongo mpaka TV

Maandishi ya zamani kabisa ambayo dunia inayo hayana hadithi, hayana sala, hayana hata barua ya mapenzi. Yana mahesabu. Yalitoka Uruk, mji wa Wasumeri kusini mwa Iraki ya leo, na yana umri wa kama miaka 5,300 hivi, vibao vidogo vya udongo vya kuenea kiganjani ambavyo karani alivichora kwa tete udongo ukiwa bado mbichi: shayiri kiasi hiki, kondoo wangapi, pombe mitungi mingapi, fulani kapokea. Kwenye baadhi ya vibao kuna alama zinazosomwa Kushim na wataalamu wengine wanasema hilo huenda ndo jina la kwanza la mtu kuwahi kuandikwa, wengine wanasema hapana ni cheo tu, ila vyovyote iwavyo huyo Kushim alikuwa anashughulika na shayiri ya kutengenezea pombe. Sio mfalme, sio nabii, ni mtu wa stoo.

Naanzia hapo makusudi kabisa manake historia ya vyombo vya habari huwa tunahadithiwa kama orodha ya wagunduzi, huyu kaleta karatasi, huyu kaleta mashine ya chapa, huyu kaleta redio, huyu TV, basi mtihani umeisha. Ukiisoma hivyo kuna mambo hayaingii akilini. Mfano Wachina walikuwa wanachapa vitabu miaka karibu mia sita kabla ya Gutenberg, Mjerumani anayetajwa kuwa baba wa uchapaji, sasa mbona sifa kachukua yeye, au redio ilikuwa inafanya kazi tangu karne ya 19 inaisha lakini watu wamekuja kukaa sebuleni kuisikiliza miaka ya 1920, hapo katikati ilikuwa inasubiri nini? Mi naona ukifuata hela mambo mengi yanajifungua. Kila chombo kipya swali gumu halikuwa kitafanyaje kazi, lilikuwa nani atalipia nakala na atarudishaje pesa yake.

Uruk aliyelipa ni hekalu, na hekalu halikuwa na haja ya mashairi lilikuwa na haja ya kujua ghala lina nini. Mashairi na visa vya wafalme vilikuja kuandikwa karne nyingi baadaye, wakati makarani wameshakuwa wengi na shule zao zipo. Misri nayo ikaanza kuandika karibu wakati huohuo, na wao wakawa na mafunjo, mimea ya kandokando ya Nile wanayoipasua na kuipanga na kuigandamiza mpaka inakuwa kitu cha kuandikia, chepesi, unakunja unabeba. Udongo ni wa bure lakini jaribu kumtuma mtu na barua ya kilo tano. Ila mafunjo hayaoti kila mahali kwahiyo wengine wakabaki na ngozi ya mnyama, na ngozi ni mnyama mzima kachinjwa, sasa hapo kitabu kinakuwa mali ya tajiri au ya kanisa.

Karatasi ndo ilivuruga hiyo hesabu. China wanamtaja Cai Lun, ofisa wa ikulu, kwamba mwaka 105 aliripoti kwa mfalme namna ya kutengeneza karatasi kwa magome ya miti, matambara na nyavu kuukuu. Yani takataka. Ikakaa hukohuko mashariki karne kadhaa ndipo ikaingia kwa Waislamu wa Asia ya Kati, mara nyingi inahusishwa na vita vya Talas vya 751 kati ya Waarabu na Wachina, na kabla karne hiyo haijaisha Baghdad walikuwa wanatengeneza ya kwao, baadaye kukawa na soko zima la wauza karatasi na wanakili vitabu. Ulaya viwanda vya karatasi vya Fabriano kule Italia ni vya karne ya 13. Angalia tofauti hiyo ya miaka.

Pwani yetu nayo imo kwenye hiyo njia. Watu wa Kilwa, Lamu, Pate na Mombasa waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla mmisionari yeyote hajashuka na herufi zake, kuna barua za kutoka Kilwa za mwaka 1711 zimehifadhiwa mpaka leo Goa kule India kwa sababu ziliandikwa kwa Wareno. Tendi zilinakiliwa kwa mkono, mtu anaazima, ananakili, anarudisha. Na kwa habari za mji mzima palikuwa na mbiu, mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, mtawala ndo anamlipa mpigaji na msikilizaji halipi kitu, mfumo ambao ukiutazama vizuri hauna tofauti kubwa na redio ya serikali.

Turudi kwenye kuchapa. Kitabu kilichochapwa chenye tarehe ambacho ndo cha zamani kuliko vyote tunavyovijua ni sutra, yani maandiko matakatifu ya Kibudha, ya China, ya mwaka 868, imechapwa kwa mbao zilizochongwa, na mwishoni pameandikwa kwamba Wang Jie ameitengeneza kwa ajili ya wazazi wake wawili ili igawiwe bure kwa watu wote. Umeona. Aliyelipa alikuwa anatafuta thawabu sio faida. Miaka ya 1040 Bi Sheng akatengeneza herufi za udongo wa kuchoma, moja moja, unazipanga unachapa unazipangua, na Wakorea wakafanya za chuma, kipo kitabu chao cha 1377. Kwahiyo wazo la herufi za kupanga sio la Mzungu, hilo tumalizane nalo. Lakini maandishi ya Kichina yana alama maelfu kwa maelfu, seti yake ni mtaji mkubwa sana, wakati ubao wa kuchonga ukishachonga unauweka stoo, ukihitaji nakala ishirini mwakani unachapa ishirini. Kwa hesabu zao mbao zilikuwa na akili zaidi, sio kwamba walishindwa.

Herufi za Kilatini ni ishirini na kitu. Hapo ndo Gutenberg wa Mainz anapoingia, na yeye alichofanya ni kuunganisha mfumo: kalibu ya kumimina herufi za risasi, bati na antimoni zitoke zote kimo kimoja, wino wa mafuta unaoshika kwenye chuma, na shinikizo la parafujo lililokuwa linajulikana tayari kwa wakamua zabibu. Pesa zote za mkopo. Johann Fust alimkopesha gulden 800, sarafu za wakati huo, mwaka 1450, akaongeza 800 nyingine 1452, na mwaka 1455 Biblia zikiwa ndo zinafika mwisho akampeleka mahakamani, akidai pamoja na riba gulden 2,026. Gutenberg akashindwa kesi. Vifaa vikaenda kwa Fust, na fundi wa palepale karakanani, Peter Schöffer, akawa upande wa Fust na baadaye akamuoa binti yake. Mtu aliyebadilisha dunia alifilisiwa na biashara yake mwenyewe, na sio kwamba bidhaa ilikuwa mbaya, tatizo ni kwamba Biblia ya kurasa karibu 1,300 unanunua karatasi leo, unalipa mafundi leo, halafu hela inarudi baada ya miaka. Nakala zilikuwa kama 180, na zile za ngozi kila moja ilimaliza ndama zaidi ya mia.

Kitu kilicholeta hela ya haraka kilikuwa ni vyeti vya msamaha wa dhambi. Karatasi moja, upande mmoja, nafasi ya kujaza jina, Kanisa linaagiza kwa maelfu, vilishaanza kuchapwa kwa herufi hizo mwaka 1454. Alafu mwaka 1517 akaja Martin Luther kuvishambulia vyeti vyenyewe, na wachapaji walewale wakapata biashara mpya, vijitabu vyembamba vya Kijerumani vya kurasa nane au kumi na sita, vinachapwa kwa siku mbili tatu na vinauzwa bei ya mtu wa kawaida. Mchapaji hakujali sana upande gani una haki. Alijali kipi kinatoka kwenye rafu.

Kwa nini basi nchi za maandishi ya Kiarabu zilichelewa? Watu wanapenda kusema dini, na kweli wanazuoni na wanakili walikuwa na mashaka, ila kuna sababu ya kifundi ambayo haitajwi sana: herufi za Kiarabu zinashikana, zinabadilika umbo zikiwa mwanzo, katikati au mwisho wa neno, kwahiyo seti ya risasi inakuwa kubwa na matokeo yake hayapendezi kwa mtu aliyezoea mwandiko wa khatati. Istanbul Ibrahim Müteferrika alianza kuchapa miaka ya 1720. Kilichosaidia kweli ni chapa ya jiwe ya Alois Senefelder, Mjerumani, mwaka 1796, ambapo unaandika kwa mkono wako na jiwe linatoa nakala ya mwandiko uleule. Bombay ikajaa vitabu vya namna hiyo. Na Sayyid Barghash wa Zanzibar, ambaye ujanani aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay, akaja kuwa na kiwanda chake cha chapa Unguja kwenye miaka ya 1880, kikachapa vitabu vya fiqhi ya Kiibadhi ambavyo vilisomwa mpaka Oman. Nani alilipa? Sultani, kwa mali ya karafuu na biashara ya bahari.

Magazeti ni stori ndefu nitaikata. La kwanza linalotajwa ni la Johann Carolus, Strasbourg, 1605. Huyu alikuwa anauza habari zilizonakiliwa kwa mkono kwa matajiri wachache, akaona kunakili kunamchelewesha, akahamia kwenye mashine, alafu haraka sana akaandikia baraza la mji kuomba wengine wakatazwe kumwiga. Gazeti lina umri wa miezi tu na tayari mtu analalamikia kopi. Uingereza serikali ilitumia njia nyingine ya kuwadhibiti, ikatoza stempu kila nakala, kufikia 1815 ilikuwa peni nne, kwahiyo gazeti likabaki la wenye nacho mpaka ushuru uliposhushwa 1836 na kufutwa 1855. Haikuhitaji kufungia gazeti, ilipandisha bei tu. Usomaji wa pamoja kwenye migahawa ya kahawa ulishamiri kwa sababu hiyo pia, wachangiaji kumi gazeti moja.

Mashine ya mvuke ilifika gazeti la The Times la London tarehe 29 Novemba 1814, usiku, kwa siri, manake mwenye gazeti alijua mafundi wa mashine za mkono wakisikia patachimbika. Nakala 1,100 kwa saa wakati ya mkono inatoa kama 250. Lakini mashine ya haraka bila wanunuzi ni chuma tu, na New York mwaka 1833 Benjamin Day ndo akagundua wanunuzi wako wapi, akatoa The Sun kwa senti moja wakati wenzake wanauza sita, watoto wanalitembeza mitaani, na hela halisi inatoka kwa watu wa matangazo. Huo ndo mgeuko mkubwa kuliko hata mvuke. Kuanzia pale msomaji hakuwa mteja peke yake, alikuwa pia bidhaa anayouziwa mwenye tangazo. Na matokeo yakaonekana mapema: Agosti 1835 The Sun lilitoa mfululizo wa habari kwamba mtaalamu wa nyota John Herschel ameona mwezini viumbe kama watu wenye mbawa za popo. Uongo mtupu. Gazeti likanunuliwa kweli kweli. Kwahiyo anayesema habari feki zimeletwa na simu janja amechelewa kama karne mbili.

Huku kwetu gazeti lilianza kwa mfadhili, sio kwa mnunuzi. Msimulizi la 1888 lilikuwa la misheni ya Kianglikana ya UMCA Zanzibar, Kiongozi la Tanga lilihusiana na shule ya serikali ya Wajerumani, Mambo Leo la 1923 ni la serikali ya Waingereza. Hata hivyo wasomaji waliyateka, wakaandika barua, wakatuma mashairi, wakabishana Kiswahili sanifu na kisicho sanifu, kitu ambacho mlipaji hakukipanga.

Telegrafu ndo ilitenganisha habari na mguu wa mtu. Kabla yake habari inakwenda kwa mwendo wa farasi au jahazi, basi. Tarehe 24 Mei 1844 Samuel Morse akatuma ujumbe Washington mpaka Baltimore. Kuna kipande nakipenda hapa: mwaka 1850 waya wa Berlin uliishia Aachen na wa Paris ulianzia Brussels, katikati hamna kitu, basi Paul Julius Reuter akaziba pengo kwa njiwa wenye bei za soko la hisa miguuni. Wateja wake wa kwanza ni mabenki. Tena mahesabu, kama Uruk. Zanzibar iliunganishwa mwaka 1879 kwa kebo ya baharini kutoka Aden, ikaendelea Msumbiji mpaka Durban, na sababu haikuwa wenyeji kupata habari, Uingereza ilikuwa vitani na Wazulu na London ilichoka kusubiri meli. Malipo ni kwa neno, ndo maana lugha ya habari ikawa fupi na kavu, kila kivumishi kina bei.

Redio ilipokuja ilionekana ina kasoro mbaya: huwezi kumzuia mtu kusikia. Marconi, Mwitaliano aliyeifanya redio kuwa biashara, alikuwa anauza mawasiliano ya meli na nchi kavu, mmoja kwa mmoja, na katika biashara hiyo mtu wa tatu kusikia ni hasara. Ilichukua miaka karibu ishirini mpaka watu wageuze kasoro iwe mali. Westinghouse walianzisha kituo cha KDKA Pittsburgh, wakatangaza matokeo ya uchaguzi wa rais tarehe 2 Novemba 1920, na lengo lao lilikuwa kuuza redio zenyewe, vipindi ni vya kukufanya ununue kifaa. Sasa watu wakishanunua wote? Mwaka 1922 New York wakaanza kuuza muda hewani, na miaka ya 1930 kampuni za sabuni zikawa zinalipia michezo ya kuigiza ya mchana kwa ajili ya akina mama walioko nyumbani. Uingereza wakaenda njia nyingine, BBC ilianzishwa 1922 na watengenezaji wa redio ikawa inaendeshwa kwa leseni, shilingi kumi kwa mwaka kila nyumba yenye redio. Chombo kilekile, mlipaji tofauti, na vipindi vikatoka tofauti kabisa.

Nairobi ilipata redio 1928, ya kampuni, kwa masetla. Mwaka huohuo Siti binti Saad alikwenda Bombay kurekodi santuri za HMV, na zikauzwa vizuri sana pwani yote, kwahiyo Mswahili wa kawaida alimsikia msanii wake kwenye gramafoni muda mrefu kabla hajamsikia redioni. Redio ya watu wengi ilikuja miaka ya 1950, Sauti ya Dar es Salaam na Sauti ya Unguja zote ni za 1951, na kilichozisukuma ni transista, iliyoingia sokoni Marekani 1954, redio ya betri isiyohitaji umeme wa ukutani. Bila hicho kidude kijijini pasingesikika kitu.

Sasa TV, ambayo ina vituko vyake. Paul Nipkow, mwanafunzi Berlin, alisajili mwaka 1884 sahani yenye matundu yaliyopangwa kwa mzunguko kama wa konokono inayochambua picha mstari kwa mstari, ila hakuwa na namna ya kukuza ule umeme kidogo unaotoka. John Logie Baird, Mskoti asiye na hela, akaifufua London. Uso wa kwanza wa mtu kuonekana vizuri kwenye mtambo wake, Oktoba 1925, ni wa kijana wa ofisi ya chini, William Taynton, na taa zilikuwa zinachoma hivyo inasimuliwa Baird ilibidi ampe hela ndo akubali kurudi kukaa. Tarehe 26 Januari 1926 akaonyesha wanasayansi, picha ya mistari 30 inayotetemeka. Marekani Philo Farnsworth, mtoto wa mkulima wa Idaho ambaye wazo lilimjia akiwa na miaka 14 akiangalia matuta ya shamba, alitoa picha ya umeme mtupu bila sahani tarehe 7 Septemba 1927, mstari mmoja tu. Wafadhili wakawa wanamuuliza hela tutaiona lini, na mwaka uliofuata akawaonyesha kwenye kioo alama ya dola.

RCA, kampuni kubwa ya redio ya Marekani, ilikuwa na mvumbuzi wake Vladimir Zworykin, ina mawakili pia, ikapigana na Farnsworth kuhusu hataza, yani haki ya kumiliki uvumbuzi. Mwalimu wa Farnsworth wa sekondari, Justin Tolman, akatoa ushahidi kuhusu mchoro ambao kijana alimchorea darasani. Mwaka 1934 Farnsworth akashinda, 1939 RCA ikakubali kumlipa, alafu vita ikaja, utengenezaji wa TV ukasimama, na iliporudi amani hataza zake zilikuwa zinaisha muda. Kama Gutenberg vile. BBC nao walifungua Alexandra Palace 2 Novemba 1936, wiki hii mtambo wa Baird wiki ijayo wa Marconi-EMI, miezi michache tu wa Baird ukatupwa. Wakazima kwa vita 1939 mpaka 1946. Kilichoingiza TV majumbani Uingereza ni kutawazwa kwa Malkia Elizabeth tarehe 2 Juni 1953, watu kama milioni 20 waliangalia, wengi wakiwa wamejazana kwa jirani.

Afrika ndo utaona vizuri habari ya mlipaji. Ibadan walikuwa na TV Oktoba 1959, serikali ya jimbo la Magharibi la Nigeria wakati wa waziri mkuu wake Awolowo, eneo lenye hela ya kakao. Nairobi 1962, Kampala 1963. Zanzibar 1973, tena ya rangi moja kwa moja, ya kwanza ya rangi kusini mwa Sahara, karafuu hiyo. Afrika Kusini ambayo ilikuwa tajiri kuliko wote hao ilikaa bila TV mpaka Januari 1976 kwa sababu makaburu wakubwa serikalini waliogopa itaharibu akili za watu wao, kwahiyo sisemi hela inaeleza kila kitu, siasa nayo inaweza kukaa mlangoni.

Tanzania bara ilikuwa na siasa na hela vyote viwili. Serikali ya Mwalimu iliona TV ni anasa ya watu wachache wa mjini, ikaweka nguvu redioni, na redioni haikufanya mchezo: kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima kama milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza, wakisikia wanatoka wanachimba vyoo. Wakati huohuo ng'ambo ya bahari kidogo tu Unguja wanaangalia picha za rangi, na wenye uwezo wa Dar na Tanga walikuwa wanasimamisha antena ndefu kutafuta mawimbi ya wenzao. Mlango ulifunguka na sheria ya utangazaji ya 1993, na 1994 vituo vya watu binafsi vikaingia hewani, ITV, DTV na CTN, vyote vinategemea matangazo ya biashara. TVT ya serikali ikazinduliwa 2000. Nchi nyingi za Afrika zilianza na TV ya serikali halafu ya binafsi ikafuata baada ya miaka mingi, bara ilikwenda kinyumenyume, na nchi iliyokataa TV kwa sababu ni anasa ikaja kuipokea kwanza kutoka kwa wafanyabiashara.